Matanuri Yaliyohamia Ng'ambo

Sisi tuliozaliwa Mji Mkongwe wa Unguja miaka ya 1970 hatukai barazani kwa muda kabla mmoja wetu hajasema kwamba chakula cha Mjini kimekufa. Boflo siku hizi hewa tupu, mofa haionekani, urojo umezidishwa unga, na ukitaka kula kitu cha maana lazima ulipe bei ya mgeni. Nayasikiliza maneno haya kwa heshima, kwa kuwa wanaoyasema walikipenda chakula kile kwelikweli. Siyaafiki hata hivyo. Nimekuwa nikila huku na huku tangu utoto wangu, na ninavyoona mimi, chakula chetu hakikufa. Kilihama, kwa sababu waliokuwa wakikila walihama.

Mtaani kwetu, upande wa Malindi, mkate wa asubuhi ulitoka kwenye tanuri la kuni lililojificha nyuma ya duka la vyakula. Mpita njia asingejua kama kuna tanuri pale lau si harufu. Waliofanya kazi mle waliingia usiku wa manane. Kuni za mvinje ziliwashwa ndani ya tanuri lenyewe, zikaachwa mpaka matofali ya dari yakapata moto wa kutosha. Makaa yalisukumwa pembeni, sakafu ikafutwa kwa gunia lililoroweshwa maji, ndipo unga uliokuwa umeumuka usiku kucha juu ya mbao ukaingizwa, bonge baada ya bonge, kwa ubao wenye mpini mrefu kuliko mtu. Ami aliyesimamia kazi hakuwa na kipimo chochote cha moto. Alitupa unga mkavu kidogo kwenye sakafu ya tanuri akauangalia. Ukiungua pale pale, alisubiri; ukibadilika rangi polepole, aliwaambia vijana wapakie.

Watoto tulitumwa baada ya sala ya alfajiri, tukiwa na mfuko wa kitambaa. "Shikamoo, ami." "Marahaba. Bibi yako kaamkaje leo?" Ukishajibu ndipo boflo zikahesabiwa, za moto hata mfuko ukawa unaunguza mguu, na jina la nyumba yenu likaandikwa kwenye daftari. Hesabu ilikuwa mwisho wa mwezi. Kwa daftari lile ami alijua mambo ya mtaa mzima. Nyumba iliyoongeza mikate ilikuwa na wageni kutoka Pemba au Mombasa. Nyumba iliyopunguza, alimuuliza mtoto kwa sauti ya chini kama kuna mgonjwa. Nyumba iliyofiwa haikusubiriwa iagize. Mikate ilipelekwa, na habari ya pesa ikaja baadaye, mara nyengine haikuja kabisa.

Nyumbani boflo ilipasuliwa kwa mkono. Bibi hakuruhusu kisu kiguse boflo ya moto, kwa kuwa kisu huubana mkate ndani ukawa kama haukuiva. Ilichovywa kwenye chai ya maziwa yenye hiliki, na kama usiku yalibaki maharage ya nazi, basi siku ile skuli tulikwenda tukiwa tumeshiba.

Ngano yenyewe hailimwi Unguja wala Pemba. Kila kipande cha boflo kilichowahi kuliwa visiwani kilitoka kwenye unga au ngano iliyoletwa na chombo, na ndiyo maana mkate wetu umekuwa ukifuata siasa na biashara hatua kwa hatua. Mama yangu alikuwa akisimulia mwanzo wa miaka ya 1970, Serikali ilipobana uingizaji wa mchele, unga na sukari, watu wakapanga foleni kwa kila kitu na muhogo ukashika nafasi ya mkate mezani. Mimi mwenyewe nilikuta mkia wa siku zile. Nakumbuka foleni, na nakumbuka asubuhi ambazo tanuri lilikuwa baridi na ami amekaa kizingitini hana la kutuambia. Hali ilianza kufunguka mwaka 1984, Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais wa Zanzibar na biashara ikalegezwa. Unga ukaonekana tena madukani, samli ikaonekana, na vibaraza vilivyokuwa vitupu vikawekwa meza.

Kwangu mimi miaka iliyofuata ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko yote. Kila alasiri kulikuwa na mahali pa kwenda, na kila mahali pana saa yake. Urojo uliuzwa na mama mmoja mlangoni mwake kuanzia saa kumi, na adhana ya magharibi ikimkuta sufuria ilikuwa imeshapanguswa. Urojo wake ulikuwa mwepesi, wa manjano, ukali wake umetoka kwenye embe bichi. Unga aliutia kiasi cha kuushika mchuzi tu. Alikuwa akiweka kwanza viazi na bajia za dengu bakulini, kisha kachori aliyoibonyeza kwa mgongo wa kijiko ifunguke, kisha urojo, halafu chatne ya nazi, pilipili, na mwisho kabisa chipsi za muhogo, zisije zikalainika kabla hujafika nazo kinywani. Ukimwambia azitie mapema alikutazama vibaya.

Mkate wa ufuta ulikuwa kazi ya jirani yake. Donge lililokandwa kwa tui lilitandazwa kwenye kikaango cha moto likashika chini, likapakwa maji na kunyunyiziwa ufuta juu, kisha kikaango kizima kikapinduliwa juu ya makaa. Mkate haukuanguka, ulining'inia kichwa chini ukiokwa na moto wa mkaa mpaka ufuta ukaanza kupasuka. Tulisimama pale kuangalia kugeuzwa kwa kikaango kuliko tulivyosimama kununua. Kahawa ya wakubwa ilikuwa Soko Muhogo, pale panapoitwa Jaws Corner, pamoja na bao na mabishano ya siasa. Usiku wa sikukuu familia nzima tulishuka bustani ya Forodhani kwa vibatari na moshi, kula muhogo wa kuchoma, pweza na mishkaki, kisha maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu.

Halafu watu wakaanza kuondoka. Hawakuondoka siku moja wala kwa sababu moja. Nyumba za chokaa na mawe zilikuwa zimechoka, dari zikidondoka, na wapangaji walikuwa wengi kwenye vyumba vichache. Sensa ya mwaka 1988 iliwakuta Wazanzibari zaidi ya 640,000. Ile ya 2022 imewakuta 1,889,773. Watu hao wote wasingetosha ndani ya mitaa myembamba ya Mji Mkongwe. Mji ukapanuka kuvuka barabara iliyokuwa ikiitwa Creek Road, upande tunaouita Ng'ambo, kupita majumba ya Michenzani, kwenda Magomeni, Jang'ombe, Mwanakwerekwe, Fuoni na mbele zaidi. Wakati huohuo utalii ukaingia kwa kishindo. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, nasi tulifurahi kwa haki, kwani majengo yale yalihitaji kulindwa. Kufika 2019, Zanzibar ilikuwa ikipokea wageni zaidi ya 500,000 kwa mwaka. Mwenye nyumba ya ghorofa tatu akiletewa bei ya hoteli, ni nani wa kumlaumu akiuza? Nyumba tuliyopanga sisi ni hoteli leo. Sisi tulihamia Mwanakwerekwe.

Mgeni wa hoteli hanunui boflo nne alfajiri. Anakuta kifunguakinywa juu ya paa, kimeletwa na gari. Kila nyumba iliyogeuka hoteli ilifuta jina moja kwenye daftari la ami, na mtaa wenye majina machache hauwezi kulipia kuni. Wenye nyumba ya wageni ya jirani nao wakaanza kulalamikia moshi, moshi uleule uliokuwa ukituamsha sote. Ami alipofariki, warithi waliona bora wapangishe chumba kwa muuza vinyago na vitenge. Nilipita mara moja duka lilipofunguliwa, na tangu siku ile nazunguka kwa njia nyengine.

Forodhani ilifungwa ikatengenezwa kwa msaada wa Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan, ikafunguliwa upya mwaka 2009. Bustani ni nzuri, naipenda. Ukuta wa bahari umesimama, taa zipo, watoto wana pa kuchezea, na sikukuu bado inajaa watu wetu. Lakini meza za chakula zimepangwa kwa ajili ya mgeni: kamba wakubwa kwenye vijiti, piza ya Zanzibar yenye chokoleti, bei ambayo haitajwi mpaka umeulizwa umetoka wapi. Mwenyeji wa Fuoni mwenye watoto watano hawezi kula pale kila Ijumaa.

Anakula wapi basi? Swali hili ndilo wanaosema chakula kimekufa hawajiulizi. Toka Mji Mkongwe kwa daladala, shuka Mwanakwerekwe saa kumi alasiri, tembea kwa miguu. Mikate ya ajemi inatoka tanurini ya moto, kijana anaibandika kwenye ukuta wa tanuri kwa mto wa kitambaa na kuibandua kwa kulabu ya chuma, na mbele yake wamesimama watoto wenye mifuko, kama tulivyosimama sisi. Wauza urojo ni wengi kuliko waliokuwa Malindi wakati wowote ninaoukumbuka. Yule mama wa urojo alihamia Jang'ombe, na binti yake anauza hadi leo kwa utaratibu uleule, chipsi za muhogo mwisho. Nimeuonja. Pilipili ni kali zaidi kuliko ya mama yake, na hilo nalichukulia kuwa haki yake.

Sisemi kwamba Mji Mkongwe umebaki mtupu. Mgahawa wa Lukmaan pale Mkunazini bado unajaa wenyeji mchana, wali na mchuzi wa nazi umewekwa mbele yako uchague, na Passing Show ya Malindi bado ina watu wake wa biriani. Kahawa ya Jaws Corner haijasita. Zilizosalimika ni sehemu za mchana, zinazowapata watu wa maofisini, wachuuzi wa soko la Darajani na wasafiri wa bandarini. Zilizoondoka ni za alfajiri na za magharibi, saa ambazo mtu hula karibu na anapolala.

Boflo yenyewe imebadilika pia, na hapa nakubaliana na wenzangu wa barazani. Unga siku hizi haukosekani. Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar aliyeanza na mgahawa mdogo Dar es Salaam miaka ya 1970, leo vinu vyake vinalisha nchi kadhaa za Afrika. Lakini matanuri mengi yanataka mkate uumuke haraka na ujae kabatini, hamira inazidishwa, na boflo inatoka kubwa lakini nyepesi, jioni imeshakauka. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano duniani, boflo ya mtaani kwetu ilipungua kimo bila kupungua bei. Mkate wa kuumuka usiku kucha unahitaji mtu anayekesha, na anayekesha lazima alipwe. Nimelipata tanuri moja Magomeni linalofanya hivyo, na huko ndiko ninakonunua hata kama ni mbali.

Kitu ambacho sijakiona kikihama ni daftari. Kule Ng'ambo watu wamechanganyika kutoka Pemba, Makunduchi, bara na kwengineko. Muuza mkate hajui bibi yako kaamkaje, na malipo ni taslimu au kwa simu. Mkate unapatikana, ila ule uangalizi wa mtaa uliokuwa ukipita mkononi pamoja na mkate haukufika nao. Binamu zangu waliokwenda Muscat baada ya Mapinduzi ya 1964 wanasema huko mandazi yanauzwa mpaka kwenye mikahawa ya kawaida, na kwamba wanakula vizuri, lakini hakuna anayewauliza hali mlangoni. Kwa hilo nasikitika kwelikweli, na sijui kikombe gani cha chai kinachoweza kulifidia.

Kinachonipa moyo ni mofa. Niliamini huo ndio mkate utakaotutoka kwanza, maana kazi yake ni ngumu: unga wa mtama uliochachuka, kiganja kilicholowa maji, na mkono unaoingia hadi kwenye kiwiko ndani ya tanuri la udongo kubandika kila mkate ukutani. Nyuma ya soko la Mwanakwerekwe kuna bibi anayeoka kwa vifuu vya nazi, kwa kuwa mkaa umekuwa ghali, na mjukuu wake wa kike ameanza kumpokea. Mwanzo bibi alimwachia kuchonga mabonge tu. Ramadhani iliyopita nilimkuta yule binti ndiye anayebandika, kitambaa kimefungwa mkononi, na bibi amekaa kwenye kigoda akipokea pesa na kusema "mwanangu, harakisha" kila tanuri likifunuliwa. Mofa zake zilikuwa nene kidogo pembeni, lakini zilinukia moshi na mtama, na kwa mchuzi wa pweza hazikuwa na mpinzani.

Shida yao ni mtama, unaotoka bara, Dodoma na Singida, na bei yake haitabiriki. Kumi la mwisho la mfungo unga uliwaishia. Bibi alituambia tuliokuwa kwenye foleni kwamba gunia liko bandarini Dar es Salaam, turudi baada ya siku mbili. Tulirudi, na siku hiyo foleni ilifika hadi kituo cha daladala.