Old Moshi: Mlima Uliowahi Kusoma

Moshi mjini panda daladala hadi Kiboriloni, penye soko la mitumba, kisha geukia mlimani. Barabara inapinda kati ya migomba na mibuni, vihamba vimewekewa mipaka ya masale, na kando ya njia maji ya mfongo yanateremka kwenye mfereji uliochimbwa na mababu. Moshi ya kwanza ni hii. Ile ya tambarare ilikua reli ilipofika, mwanzoni mwa miaka ya 1910.

Wageni wengi huishia Tsudi, kwenye kumbukumbu ya Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa huku, aliyewashinda Wajerumani mwaka 1892 na kunyongwa nao tarehe 2 Machi 1900. Wewe endelea mpaka Kidia, penye misheni ya zamani.

Wamisionari Waanglikana walikuwa wamefika Moshi tangu 1885, lakini aliyekaa sana Kidia ni Mlutheri Bruno Gutmann, aliyeondoka 1938. Huyu hakutaka kanisa livunje ukoo, rika wala ujirani. Alikaa na wazee akaandika mafunzo waliyowapa vijana jandoni, yakajaza vitabu vitatu, akatafsiri na Agano Jipya kwa Kimochi, lugha ya huku. Vijana wa kipaimara aliwaunganisha wasimamiane, kama wapiganaji wa ngao moja.

Fedha na mambo ya mjini yalimtia hofu. Waliosoma wao waliyataka. Joseph Merinyo, mwana wa Old Moshi, alitumia kalamu kuwaunganisha wakulima wa kahawa, akawa rais wa chama chao kilichoundwa 1925, ambacho baadaye nafasi yake ilichukuliwa na muungano wa ushirika, KNCU. Kahawa ikalipa karo, na karo ikazaa makarani, walimu na waganga.

Mvutano huo wa mila na elimu mpya haukuwa wa Wachagga peke yao. Huko Crimea, Mwislamu Ismail Gasprinski alianzisha shule ya mbinu mpya mwaka 1884, na wafuasi wake wakaieneza hadi Samarkand na Bukhara, huku wahafidhina wakiwapinga. Old Moshi iliumaliza mvutano huo kwa namna yake: mtoto akaenda shule asubuhi, jioni akajifunza zamu ya maji.

Ukifika, mwombe mwenyeji akuonyeshe mfongo unavyofunguliwa, nani anatangulia na nani anangoja. Kisha unywe mbege, ule mtori. Kilele cha Kibo utakiona hata ukiwa stendi mjini. Haya huyapati mpaka upande.