Pikapu Isiyo na Makelele

Wahenga walinena, mwenye nguvu mpishe. Katika mambo ya gitaa la umeme, mimi sikubaliani nao. Msomaji mpenzi, nikitaja pikapu usifikirie lile gari la kubebea kabeji. Nazungumzia kidude kinachokaa chini ya nyuzi: sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya. Ni jambo lile lile aliloligundua Michael Faraday mwaka wa 1831, na ambalo wenzetu wa kidato cha nne hulikariri usiku na mchana.

Mjomba wangu, ambaye ndiye anilipiaye karo, hupiga gitaa katika bendi ya harusi. Mwaka jana alinunua gitaa kuukuu la nyuzi saba. Gitaa la kawaida lina sita, na uzi wake mnene hutikisika kama mara 82 kwa sekunde. Ule wa saba hushuka hadi kama 62. Magitaa haya yalivuma baada ya kampuni ya Ibanez kutoa lile la Steve Vai mwaka wa 1990, kisha wapiga roki nzito wakayapenda mno. Ndiyo maana pikapu zake nyingi huwa kali. Lakini Mjomba si mtu wa roki. Yeye ni benga, na katika benga kila noti yapaswa kuhesabika kama punje za mahindi.

Basi akigusa uzi wa saba, sauti ilitoka kama matope na kumfunika mpiga besi. Kiongozi wa bendi akamwambia wazi: gitaa lirekebishwe kabla ya Disemba, ama atafutwe mtu mwingine. Mimi niliposikia hivyo, nilifikiria karo.

Muuza vyombo mmoja akamshauri anunue pikapu yenye nguvu zaidi. Ati isikike! Nikamwuliza, "Lakini Mjomba, maji ya matope ukiyaongezea kasi yatakuwa safi?"

Akacheka. "Haya profesa, sema."

Nikamweleza kwamba mizunguko ya waya ikizidi, umeme huongezeka, lakini sauti nyembamba hupotea njiani, na amplifaya husukumwa mpaka ikwaruze. Fundi wa redio alipopima pikapu ile, ukinzani ulikuwa kilo-ohmu 15. Zile za Gibson za miaka ya 1950 huwa karibu 8. Kipimo hicho hakimalizi maneno, maana unene wa waya na aina ya sumaku pia huchangia, ila hukuonyesha njia.

Kwanza tulichukua bisibisi tukaishusha pikapu mbali na nyuzi, kwa kuwa hiyo ni bure. Makelele yalipungua, matope yakabaki. Ndipo Mjomba akatafuta nyingine iliyotumika, ya kilo-ohmu 8, na tukahakikisha ni ya nyuzi saba. Ya sita ingeuacha uzi mmoja nje. Fundi akaichomea kwa lehemu.

Alipoipiga mara ya kwanza alikunja uso. Sauti ilikuwa ndogo! Nikaizungusha swichi ya amplifaya kutoka 4 hadi 6. Akarudia. Uzi wa saba ukasikika peke yake, na mpiga besi naye akasikika.

Disemba alipiga harusi tatu. Pikapu ya pili, ile ya karibu na shingo, bado ni ya zamani kwa sababu pesa ziliisha. Mjomba haigusi kamwe.