Sikio la Mtoto na Jina la Kampuni

Swali ninaloulizwa sana siku hizi na wazazi wa watoto wasiosikia si la ndoa wala mirathi. Huuliza: katika vipandikizi vya koklea, kipi humsikizisha mtoto zaidi? Ukoo mmoja wa mtaani petu umeshachanga fedha, lakini ami ashikilia kampuni hii, mjomba ashikilia ile, na miezi minne imepita katika mabishano. Mtoto ana miaka miwili.

Mimi si tabibu. Nilimwendea daktari wa masikio nimjuaye, nikasoma pia, na niliyoyafahamu nawaandikia kina mama.

Chombo hiki hakilirudishi sikio katika maumbile yake. Sehemu ya nje, ivaliwayo nyuma ya sikio, hunasa sauti na kuipeleka kwa sehemu iliyopandikizwa chini ya ngozi. Hiyo nayo hupitisha umeme mdogo katika waya mwembamba ulioingizwa ndani ya koklea, nyumba ya kusikia iliyojipinda mfano wa konokono, ukauamsha mshipa wa kusikia. Makampuni yanayotajwa zaidi ni matatu: Cochlear ya Australia, iliyotokana na kazi ya Graeme Clark wa Melbourne tangu upasuaji wake wa 1978; MED-EL ya Austria, ya Ingeborg na Erwin Hochmair; na Advanced Bionics yenye asili ya Marekani. Waya wa Cochlear una vituo 22 vya umeme, wa Advanced Bionics 16, wa MED-EL 12.

Hapo ndipo ami aliposimama: je, 22 si zaidi ya 12? Dukani hesabu hiyo ni sahihi. Ndani ya koklea kuna majimaji, umeme hutawanyika, na vituo vya jirani huingiliana. Watafiti waliona kwamba wengi katika watumiaji hawaongezi sana kufahamu maneno vituo vinapopita takriban 8. MED-EL nao hutengeneza waya mrefu na laini ufike ndani zaidi, kwenye sauti nene, na wapo wausifuo kwa hilo. Lakini wawili wenye chombo cha aina moja huweza kutofautiana mno: mmoja azungumza kwa simu, mwenziwe asikia mlango ukigongwa tu.

Kinachowatenganisha ni umri wa kupandikizwa, muda uziwi uliodumu, hali ya mshipa, na mazoezi ya kusikia nyumbani. Ubongo hujifunza lugha kwa wepesi katika miaka ya mwanzo, na ndiyo maana Marekani, tangu 2020, imeruhusu upasuaji huu hata kwa mtoto wa miezi 9. Aliyepoteza kusikia kwa homa ya uti wa mgongo ana haraka zaidi, kwani koklea yake huweza kujaa mfupa, waya ukakosa njia. Basi miezi minne ya ami na mjomba ina uzito kuliko vile vituo 10 wanavyogombania.

Jina la kampuni lina maana kwa jambo jingine. Kifaa cha nje cha kampuni moja hakifanyi kazi na kipandikizi cha nyingine. Mtoto akishapandikizwa, ni kama ameozwa. Ulizeni basi: nani atakirekebisha kwa kompyuta karibu nasi, mara kwa mara? Betri na nyaya zapatikana wapi, kwa bei gani? Kifaa cha nje kikiharibika baada ya miaka kadhaa, ukoo utachanga tena?

Na wanaoniuliza juu ya udhu: sehemu ya nje huvuliwa, ngozi ikafikiwa na maji kama kawaida, na iliyo ndani haidhuriki.

Mjomba ana khofu kwamba lugha ya ishara itamfanya mtoto awe mvivu wa kusema. Sioni hivyo. Kifaa huvuliwa usiku, betri hwisha, na kuna watoto ambao chombo hakiwafai sana. Mama wa mtoto huyu ameshaanza kujifunza ishara kwa jirani yake, naye mtoto ameanza kuomba maji kwa mkono.