Siku Nne Roma: Tuanzie Wapi?

Kikundi chetu kinatuma vijana wanne Roma kwa siku nne, na mchango umetoka kwa watu wengi ambao hawatapanda ndege. Kwa sababu hiyo mpango wa safari umekuwa shauri la wote. Karatasi ya kwanza iliyoletwa mbele yetu ilitaja mahali zaidi ya ishirini. Tuliisoma tukacheka: mwenye kukimbilia yote hayo ataona migongo ya watalii wenzake tu.

Tukakubaliana kufuata ujirani wa mahali, ili miguu isichoke bure na nauli isiliwe na mabasi. Lakini siku ya kwanza ilizua ubishi. Wengi walitaka Basilika ya Mtakatifu Petro. Wengine tukasema: tuanzie kwa Maria Mkuu, maana humo amezikwa mtu wa kwetu.

Mtu huyo ni Antonio Manuel, balozi aliyetumwa na Alvaro II, mfalme wa Kongo, kwa Papa. Aliondoka mwaka 1604, akapitia Brazili, Lisbon na Madrid. Njiani akanyang'anywa mali na maharamia, na wenzake wengi wakafa. Alipofika Roma mwanzoni mwa Januari 1608 alikuwa mgonjwa sana. Papa Paulo V alikwenda kumtazama kitandani, na baada ya siku chache tangu kuwasili kwake akafariki. Sanamu yake ya kichwa na kifua, iliyochongwa kwa marumaru nyeusi na ya rangi, ingali katika basilika hiyo. Sisi wa mashariki twaweza kusema kwamba Mbanza Kongo ni mbali nasi, na kwamba leo iko Angola. Ni kweli. Hata hivyo, ni nani mwingine mjini humo atakayemtembelea kama jamaa yake?

Hoja hiyo ilishinda. Kutoka hapo barabara moja iliyonyooka, Via Merulana, inafika Laterano, kanisa kuu la Papa akiwa Askofu wa Roma. Jioni watatazama Colosseum, uwanja uliofunguliwa mwaka 80. Tiketi yake hununuliwa mapema.

Siku ya pili ni ya Vatikano. Kuingia Basilika ya Mtakatifu Petro hakulipiwi, ila foleni ya ukaguzi ni ndefu, na mabega na magoti yafunikwe. Makumbusho hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi.

Siku ya tatu asubuhi ni Pantheon, hekalu la kale lililofanywa kanisa mwaka 609, ambalo mvua huingia kwa tundu la paa lake. Karibu nalo, katika kanisa la San Luigi dei Francesi, wataona bila malipo picha ya Caravaggio ya kuitwa kwa Mathayo. Wabebe chupa tupu: mji umejaa mabomba ya maji safi ya bure.

Mchana wataenda kwa Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Humo, tarehe 15 Juni 2025, Floribert Bwana Chui alitangazwa mwenye heri, kijana wa Goma aliyeuawa mwaka 2007 kwa kukataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visipite mpakani. Vijana wetu wanaovuka mpaka huo kila juma hawahitaji kuelezwa rushwa hiyo ni nini.

Siku ya nne ni Jumapili. Asubuhi watasali Misa na jumuiya ya Wakongomani wa Roma, karibu na Piazza Navona. Kuhusu alasiri bado hatujapatana. Baadhi yetu wanadai Katakombe za Via Appia. Wengine wanataka saa hizo ziachwe tupu, wajumbe watembee wapendavyo. Kura itapigwa Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, na aliyechanga franka chache ana kura sawa na aliyechanga nyingi.