Maji ya mserereko, na aibu yangu

Wadau, nimerudi Dar, matope ya Korogwe bado yapo kwenye raba.

Mwaka jana niliandika habari ya mradi wa maji katika kijiji kimoja chini ya Usambara. Utepe ukakatwa, koki ikafunguliwa, maji pwaa, picha safi. Nikaandika kwamba kero ya maji imekwisha. Wiki ya pili yakakatika. Shangazi yangu anaishi hapo hapo, na gazeti kalihifadhi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Maji yenu ya gazetini tutayanywa lini?"

Nikakosa pa kuweka uso. Kesho yake nikapanda mlima na fundi.

Wenzao wa Handeni maji yao ya Mto Pangani husukumwa kwa pampu kutoka huku Korogwe. Umeme ukikatika, ndoo zinakauka. Hapa ni mserereko mtupu: kila mita 10 za kushuka zinakupa presha ya kama bar 1, bure. Tatizo, bomba lilipandishwa juu ya mwinuko katikati ya njia, na valvu ya kutolea hewa haikuwekwa. Hewa ikajikusanya pale juu, maji yakagoma. (Mimi siku ya uzinduzi nilikuwa kwenye pilau.)

Fundi alipima usawa kwa mpira mweupe uliojazwa maji. Tukachimba siku tatu, tukauzungusha mtaro chini ya mwinuko. Viganja vyangu vya kompyuta, msiniulize.

Koki ikakohoa, ikatema hewa, kisha tope, kisha maji. Shangazi akajaza ndoo moja.

"Nasubiri wiki ya pili," akasema.