Chini Kabisa ya Ukurasa

Nilipoanza kutengeneza tovuti za kampuni za utalii Arusha, kazi kubwa ilikuwa chini kabisa ya ukurasa. Juu unaweka simba na Kilimanjaro, mteja anafurahi. Chini unapanga linki kwa herufi ndogo za kijivu juu ya rangi ya kijivu: safari za Serengeti, safari nafuu za Serengeti, Serengeti kwa bei nafuu. Hakuna binadamu aliyetarajiwa kuzisoma. Zilikuwa za Google.

Hesabu yake ilieleweka. Mwaka 1998, wakiwa Stanford, Larry Page na Sergey Brin walieleza PageRank, utaratibu wa Google wa kupanga kurasa: linki ni kura, na kura ya ukurasa wenye hadhi ina uzito zaidi. Sehemu ya chini nayo hujirudia tovuti nzima. Kwenye kurasa 300, linki moja uliyobandika pale inakuwa 300 bila jasho. Basi watu wakabadilishana: niweke kwako, nikuweke kwangu. Mzee mmoja mwenye hoteli aliniuliza, “Kijana, huyu muuza matairi anatafuta nini kwenye tovuti yangu?”

Google nao walikuwa wameshajiuliza hilohilo. Mwaka 2010 walipata hataza waliyoiomba tangu 2004: linki ipimwe kwa uwezekano wa msomaji kuibonyeza, kwa kuangalia ilipokaa, rangi yake, ukubwa wa herufi. Kijivu chetu kikawa hakina mtetezi. Aprili 2012 Google wakashusha Penguin, badiliko la namna ya kupanga matokeo, na tovuti zilizoishi kwa linki za kununua na kubadilishana zikaporomoka. Wale tuliowabembeleza watuweke, tukaanza kuwabembeleza watutoe. Wengine hawakujibu kabisa. Afadhali Oktoba Google walileta zana ya kuzikana linki za namna hiyo.

Siku hizi chini naweka simu, anwani, sera ya faragha na linki za kurasa chache tu. Hazimpandishi mtu sana, ila si bure, kwa kuwa roboti za Google hugundua kurasa kwa kufuata linki. Mteja mmoja alikuwa na ukurasa wa kutembea Milima ya Usambara ambao hakuna linki iliyouelekea. Tulipouweka chini, ukaanza kutokea kwenye matokeo, mbali huko nyuma. Uliposogea mbele ni baada ya kuutaja katikati ya makala ya Lushoto, pale msomaji anapotaka kujua njia. Mteja kuona hivyo, akataka Usambara itajwe kwenye makala zote, hata ile ya kupiga mbizi Mafia.