Mawe ya Pantheon, Mjini Roma

Mgeni afikaye Roma huonyeshwa kwanza dhahabu na marmari. Sisi leo twataka kuwaonyesha kokoto.

Katikati ya mji wa kale limesimama jengo la mviringo liitwalo Pantheon. Lilimalizika yapata mwaka 126, zamani za Kaisari Hadrianus, likiwa hekalu la miungu; mwaka 609 Papa Bonifasi IV aliligeuza kuwa kanisa. Ukiisha kupita nguzo za mbele, waingia katika ukumbi mmoja tu, nawe huna budi kuinua macho. Juu yako pana kuba lenye upana wa mita 43.3, la zege tupu. Waashi wetu wa Kongo, ambao huiita zege “beto”, watauliza mara moja: ni vyuma vya unene gani vilivyotiwa ndani yake? Hakuna hata kimoja.

Lashikwa na nini basi? Wengi husifu chokaa ya Warumi iliyochanganywa na majivu ya volkano, nayo yastahili sifa. Lakini katika zege yo yote, chokaa au simenti ni gundi tu. Karibu robo tatu ya mwili wake ni mchanga na mawe. Kokoto ndizo mifupa, mchanga hujaza nafasi zilizo kati yake, na gundi huziba vitundu vilivyobaki kati ya punje na punje. Fundi apunguzaye mchanga mno huacha mapango ndani ya ukuta. Azidishaye mchanga mwembamba hulazimika kuongeza maji na simenti, naye hulipa zaidi ili apate zege dhaifu. Mchanga wenye udongo ni mbaya kupita yote, kwani gundi hushika udongo, haishiki jiwe. Jaribuni nyumbani: tieni mchanga na maji katika chupa, mtikise, mwiache hata kesho yake. Udongo utatuama juu ya mchanga kama utando, nanyi mtaona mmenunua nini.

Warumi hawakuridhika na kuchagua mawe mazuri tu. Walichagua kila jiwe kwa mahali pake. Katika misingi walitia travertino, jiwe zito la chokaa. Kadiri jengo lilivyopanda walitia tufu, ambayo ni majivu ya volkano yaliyoganda, pamoja na vipande vya matofali. Karibu na kilele wakatia mawe mepesi ya volkano, yenye matundu kama sifongo. Ndugu zetu wa Goma, wakaao juu ya mawe ya Nyiragongo, wayafahamu ya namna hiyo. Meta moja ya ujazo ya zege ya kawaida ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Ile ya kileleni hukadiriwa kuwa kilo 1,350. Unene nao hupungua, toka mita 6 hivi chini hata mita 1.2 juu.

Kilele chenyewe hakikuzibwa. Pana tundu la karibu mita 9. Mvua huingia, na sakafu ina vitundu vya kuyaondoa maji.

Tusifiche kwamba kuba lina nyufa. Zaanzia chini, ambako uzito wa juu hulisukuma kuba lipanuke, nazo hukoma kabla ya kufika kileleni. Kule juu, penye mawe mepesi, zege hubanana yenyewe kuzunguka tundu, nayo haipasuki.